Siku Walipokuja Kuipima Koki Yetu

Nikisikia neno "wastani" damu inanichemka. Wastani wa saa za huduma, wastani wa presha, wastani wa watu kwa koki moja. Najua ni neno la hesabu tu, halijamkosea mtu. Lakini mimi ni nesi wa zahanati ya kijijini, huku chini ya mlima Hanang, na nimefungua koki kavu nikiwa na damu ya mzazi mpaka kwenye viwiko. Ukiwa pale hakuna cha wastani. Maji yapo au hayapo.

Ngoja nieleze taratibu kabla sijapandisha.

Zahanati yetu ina bomba, hilo sikatai. Lilichimbiwa kabla mimi sijatoka Mbulu kuja kuolewa huku. Maji ni ya mamlaka ya maji, yanasukumwa na pampu iliyo mbali, yanaingia kwenye simtanki letu, na kutoka kwenye simtanki yanakwenda kwenye koki za ndani. Uani kuna koki nyingine iliyounganishwa moja kwa moja na bomba kubwa, na ukutani kuna dira ya kupimia maji. Kila kitu kipo, kasoro maji. Sisi tuko mwisho wa laini. Pampu ilipoanza kuchoka, wenzetu wa mbele waliendelea kupata maji, sisi wa mwisho tukaanza kupata hewa. Sitanii. Unafungua koki ya uani, inakohoa, inapiga mluzi, na dira inazunguka kwa hewa ile kama vile kuna mtu ndani anaoga.

Mwanzoni tulilalamika. Baadaye tukazoea, na hicho ndicho kinachoniudhi kuliko vyote. Ikawa kawaida mama akija kujifungua anakuja na kanga zake, na nyuma yake dada au mama yake amebeba dumu la maji. Mimi mwenyewe, kwa mdomo huu huu, nilikuwa namuuliza mwanamke anayebana meno kwa uchungu, "Maji umekuja nayo?" Jamani! Nilisomea ukunga ili nikaulize watu madumu?

Mkubwa wetu wa afya wilayani alipokuja kutukagua, alisimama mlangoni mwa chumba cha kujifungulia, hakutaka hata kuingia. Akasema, "Nesi, hapa bila maji ni machinjio. Mvua zikiisha maji hayajarudi, chumba hiki nakifunga." Nilimchukia, lakini hakukosea. Nilichojua mimi ni kwamba chumba kikifungwa, wanawake wa kijiji kizima watapelekwa Katesh kwa bodaboda, na katikati kuna korongo ambalo likijaa halivukiki. Tena nyumbani kwetu wifi yangu, kitindamimba wa mama mkwe, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alikuwa ameolewa siku nyingi, ameshachoka kuulizwa maswali na watu wasio na haya. Alikuwa anatarajia kujifungua mvua zikielekea kuisha. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa fupi: maji yarudi kabla chumba hakijafungwa, wifi yangu ajifungulie mikononi mwangu.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji akaja na habari. Wale wanaosimamia mamlaka za maji nchi nzima walikuwa wanapita kupima huduma, na zahanati yetu ilikuwa imechaguliwa kuwa mojawapo ya sehemu za kupimwa. Akasema mamlaka ikionekana imeshindwa mahali, inalazimishwa kupatengeneza kwanza. Haki ya Mungu nilirukaruka pale uani kama mtoto. Miaka yote walipima huko huko ofisini kwao, kwenye pampu, kwenye makaratasi. Safari hii mtu anakuja kusimama mbele ya koki yetu, aifungue, imkoholee usoni!

Siku ya kliniki nikawatangazia akina mama: "Hao wageni wakija, msifanye chochote. Msifagie, msichote maji, msihangaike. Watukute tulivyo." Wakaitikia kwa kichwa. "Sawa nesi." Nilipaswa kujua. Huku kwetu mtu akikuitikia kwa kichwa maana yake amekusikia, si kwamba amekubali.

Siku moja kabla ya ukaguzi nilikwenda Katesh kuchukua chanjo. Nilirudi alasiri, boksi la chanjo mapajani, na bodaboda ilipopinda kona ya kanisa nikaona punda. Punda wamejipanga uani kwetu, madumu huku na huku, wengine wameshashushwa mizigo, wanajikung'uta. Akina mama wa jumuiya yetu ya kanisani walikuwa wamefunga kanga viunoni, wanapokezana ndoo. Na juu ya jiwe, kando ya simtanki, mama mkwe wangu ananyanyua dumu na kumimina.

Nilishuka kwenye pikipiki hata kabla haijasimama. Lakini utafanyaje? Mama mkwe ni mama mkwe. Ghadhabu imenifika kooni, na bado ikabidi nianze na salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umechoka, eeh? Pumzika, kazi tumeshakusaidia."

"Mama, si nilisema tusiweke maji?"

"Ulisema." Akamimina mpaka tone la mwisho, akalikung'uta dumu, ndipo akanigeukia. "Wageni wanatoka mbali, wamejaa vumbi. Wanawe nini? Wakienda chooni je?" Kisha akashusha sauti, kama mtu anayenionea aibu. "Unataka wakaseme wanawake wa huku hawajui kuchota maji?"

Mimi niliona simtanki kavu kuwa aibu ya mamlaka. Yeye, na wote waliokuwa pale, waliona ni aibu yao. Tangu wakiwa wasichana wameambiwa nyumba ikikosa maji mwanamke wa nyumba hiyo ni mvivu. Zahanati ni nyumba ya kijiji, na wageni wa serikali ni wageni. Basi wakaswaga punda mpaka chemchemi, wakagombania maji na ng'ombe wa wafugaji, wakarudi kupanda kilima. Kwa nini? Ili watu wenye mishahara ya kusimamia maji wasione kwamba hakuna maji! Ebo! Nilitaka kulia, nilitaka kupiga mateke simtanki.

Nilizunguka nyuma nikashika koki ya chini ya simtanki ili nifungulie yote yamwagike. Mkono uko pale pale kwenye koki. Halafu nikawatazama akina mama. Migongo imeloa, mmoja ana mtoto mgongoni, mmoja ameketi chini anajikanda goti. Nani anaweza kumwaga maji hayo mbele yao? Na ndani kulikuwa na mzazi aliyejifungua asubuhi, hajaoshwa vizuri. Nikachota ndoo moja ya kumwoshea, kisha nikafunga tu valvu inayopeleka maji ndani, nikajiambia kesho nitamwonyesha mkaguzi koki ya uani, imalize ubishi.

Kesho yake mama mkwe alinitangulia. Alfajiri alishaifungulia ile valvu, ati mabomba yajae wageni wasingojeshwe.

Wakaja. Mkaguzi alikuwa dada wa umri wangu, mpole, kavaa buti na kubeba kishikwambi. Aliongozana na ofisa wa mamlaka ya maji, shati limenyooshwa, anatabasamu kama bwana harusi. Mkaguzi akapelekwa moja kwa moja chumba cha kujifungulia. Akafungua koki. Maji yakatoka, meupe, mengi. Akapiga picha.

"Dada, hayo si ya bomba!" nikasema. "Yamebebwa na punda jana. Njoo nikuonyeshe ya bomba."

Nikamvuta mpaka uani, nikafungua ile koki nyingine. Ikakohoa, ikapiga mluzi wake. Nikamtazama usoni, nikasema moyoni, leo ubishi umekwisha. Ofisa akaingilia kati bila hata kutokwa na jasho. "Presha imeshuka kidogo asubuhi hii, kuna matengenezo. Lakini tazama dira, mkaguzi. Namba zimesogea tangu tusome mara ya mwisho. Wanatumia hawa."

"Ni hewa hiyo!" nikapiga kelele. "Dira inazungushwa na hewa!"

"Nesi wetu ana presha kuliko bomba," akasema yule bwana. Watu wakacheka. Akina mama nao wakacheka, ndiyo, wale wale wenye magoti yanayouma. Huwezi kuacha mgeni acheke peke yake.

Dada mkaguzi akaona bora aulize watumiaji. Alikuwa na maswali yake kwenye kishikwambi, na nadhani aliyauliza kwa nia njema. Akawakalisha akina mama kwenye benchi.

"Mnapata maji?"

"Tunapata, tunashukuru."

"Kwa siku mnayapata saa ngapi?"

Mama mkwe akasema, "Hata muda huu yapo."

"Mnaridhika na huduma?"

"Tunaridhika, Mungu awabariki."

Nilitaka kupasuka. Hapa lazima nimweleze msomaji ambaye hajakaa na sisi. Huku kwetu mgeni hapokelewi kwa shida. Ukiuliza habari, unajibiwa nzuri, hata kama ndani kuna maiti. Kwanza nzuri, halafu anawe, ale, apumzike. Akiinuka kuondoka, unamsindikiza, na hapo njiani, mkiwa mmeshika mkono, ndipo unamwambia, "Kuna kaneno kadogo." Hako kaneno kadogo ndiko kenyewe. Hata mimi nimelelewa hivyo, na najua shida za mgonjwa wangu huwa nazisikia akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Lakini dada yule alitoka kwa watu wanaosema shida kwanza na salamu baadaye. Alipata majibu ya mlangoni, akayaandika kama ndiyo ya moyoni, akazima kishikwambi chake, akala kuku na ugali wetu, akanywa chai na maziwa, akashukuru sana.

Mama mkwe alimsindikiza mpaka kwenye gari. Nilikuwa nyuma yao, nikamsikia anaanza, sauti ya chini, amemshika mkono. "Mwanangu, kuna kaneno kadogo. Hili bomba letu, kwa kweli..."

"Tutawasiliana, mama," dada akasema, huku anafunga mkanda. Gari likaondoka. Mama mkwe akabaki amesimama mkono umenyooka, na neno lake bado liko mdomoni.

Matokeo tuliyasikia kwenye mkutano wa kata. Mamlaka yetu imepanda daraja. Imepewa ngao. Kwenye ramani kijiji chetu kimepakwa kijani, maana yake huduma nzuri, na kwenye orodha ya sehemu za kutengenezwa hatumo. Yule ofisa alisimama akapigiwa makofi. Mimi sikupiga. Nilikaa na mikono mapajani, jirani yangu akaniminya kiwiko, "Piga basi, watu wanakutazama." Wanitazame!

Mvua zikaanza kupungua, na mkubwa wa afya akarudi kama alivyoahidi. Kitu cha kwanza aliniwakia mimi. "Nesi, taarifa inasema maji mnayo. Sasa sakafu hii mbona iko hivi? Uvivu huu mpaka lini?" Nikamwambia afungue koki. Akafungua, kimya, simtanki lilishakauka zamani. Akaitazama, akanitazama, akanywea. Nikadhani sasa ataelewa, atapiga simu, atagombana na mtu. Badala yake akasema, "Basi sina jinsi," akaagiza kufuli.

Unaona mambo hayo? Ofisi moja ikasema maji yapo, kwa hiyo hatutengenezi. Ofisi nyingine ikasema maji hakuna, kwa hiyo tunafunga. Koki ni moja! Na kila bwana kwenye faili lake yuko sahihi, anarudi nyumbani, anaoga, analala usingizi. Kufuli lile bado liko mlangoni leo ninapoandika. Nikipita nalipiga kofi, watu wanadhani nimechanganyikiwa.

Uchungu ulimshika wifi yangu saa za asubuhi, mvua ya mwisho mwisho ikiwa bado inanyesha. Nilitaka kuvunja kufuli. Mume wangu akanishika, akaniambia nitafukuzwa kazi na wanawake wote watabaki bila nesi, na nilijua anasema kweli. Tukapata bajaji, mimi, wifi na mama mkwe. Tulipofika korongoni maji yalikuwa yanashuka ya rangi ya chai ya maziwa, yanavingirisha mawe. Ndiyo, maji! Maji kila mahali, na hakuna ya kunawa mkono. Alijifungulia pale pale ukingoni, ndani ya bajaji, mimi nimepiga magoti kwenye matope na mama mkwe ametanda kanga yake juu yetu. Mtoto alitoka salama, wa kike, akalia kwa nguvu. Lakini kondo la nyuma lilikataa. Nilikuwa na maji ya dumu tu, na glavu, na mikono hii. Damu ikaja. Mpaka korongo lilipopungua tukavuka, mpaka Katesh, mpaka akapelekwa hospitali kubwa zaidi, damu ilikuwa imekwenda mno. Walimwokoa. Kizazi hawakuweza kukiokoa, wakakitoa.

Alipoambiwa hakulia. Aliuliza tu kama mtoto amenyonya.

Mama mkwe yeye alinyamaza. Si kwamba alikataa kuzungumza, alisalimia, alipika, alibeba mjukuu. Ila kile kicheko chake cha kupokelea watu kilikatika. Jioni moja tukiwa jikoni aliniambia, bila kunitazama, "Yale maji, mwanangu. Ungeyamwaga tu." Nikamwambia, "Mama, hata mimi sikuweza." Na ni kweli. Hasira yangu yote haijawahi kumfikia yeye. Ina watu wake, na watu hao wana ngao ukutani.

Nilipiga namba ya malalamiko ya wale wasimamizi wa maji mpaka wakanizoea sauti. Nilipiga nikiwa mpole, nikapiga nikiwa mkali, nikapiga nalia. Hatimaye wakasema sawa, mkaguzi atarudi kuhakiki. Ni dada yule yule, pamoja na ofisa yule yule.

Safari hii sikumtangazia mtu chochote. Nilikuwa nimechoka kutangaza. Asubuhi ya siku hiyo nikamwona mama mkwe anakuja zahanati na wale wenzake wa jumuiya, nikasema moyoni, basi tena, punda watafuata. Punda hawakufuata. Mikono mitupu. Wifi yangu alikuwa pamoja nao, bado anatembea kwa kujishika, na mtoto mgongoni kwa bibi yake. Wakapanga viti viwili uani, kwenye jua, wakakaa kwenye benchi lao.

Gari lilipofika, wageni walikuwa wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama mkwe akasema, "Karibuni. Kaeni." Wakakaa. Hakuna aliyeleta beseni. Hakuna aliyeinuka kwenda jikoni. Toka nimezaliwa sijawahi kuona mgeni akikalishwa hivyo katika nchi hii, na nilisikia aibu inanipanda hata mimi niliyekuwa na hasira kuliko wote. Ofisa akatafuta tabasamu lake, hakulipata.

Dada akatoa kishikwambi. "Mama, habari za hapa?"

"Mbaya," akasema mama mkwe.

Nadhani dada yule hakujua amesikia nini, lakini sisi tulijua. Akakohoa, vumbi limemkaba, akaomba kama kuna maji kidogo ya kunywa.

"Koki ile pale."

Akaenda. Akafungua. Ikakohoa, ikapiga mluzi, na nyuma yake dira ukutani ikaanza kuzunguka. Akasimama anaitazama dira, safari hii kwa muda mrefu. Ofisa akafungua mdomo kusema jambo la matengenezo. Mama mkwe akampita kama kiti, akamfungua mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa amejisaidia, kinyesi cha mtoto mchanga, cha njano, kimeloanisha nguo mpaka mgongoni. Akamweka mikononi mwa dada mkaguzi.

"Huyu alizaliwa korongoni kwa sababu yangu na yako," akasema. "Mwoshe. Ukimaliza, uandike."

Dada yule akabaki amesimama mbele ya koki, mtoto mikononi, kinyesi kinamchirizika kwenye mkono wa shati, anageuka huku na huku. Alitutazama mmoja mmoja pale kwenye benchi. Hakuna aliyeinuka.